Kodi ya kichwa: deni lenye halikuuliza mtu anapata ngapi

Tukiongea juu ya kodi, karibu kila mara tunabishana juu ya asilimia: iko ngapi, nani aliipandisha, feza inaenda wapi. Ni mabishano ya lazima. Lakini historia yetu inatusukuma kuuliza ulizo lingine mbele ya yote hayo: kodi inahesabu nini? Inahesabu mapato ya mtu, ao inahesabu kichwa chake tu? Hapo njo pengo kati ya maskini na tajiri linaanza kupanuka, hata kama hakuna mtu aliyeiba franka moja.

Tuanze na Léopold II. Mwaka 1885, Leta yake ilijitangaza kuwa mwenye ardhi yote yenye waliita tupu, na katika miaka ya 1891 na 1892 ikachukua pia mpira na pembe za tembo zilizokuwa ndani. Kisha ikadai watu walipe kodi kwa kazi. Mwanakijiji wa Équateur hakutoa feza, sababu hakuwa nayo. Alitoa vikapu vya mpira. Mwaka 1903 sheria ikaandika kwamba kazi ya kodi isipite saa 40 kwa mwezi. Kwa karatasi, hiyo inaonekana kama huruma. Lakini ku kijiji hakuna aliyepima saa, walipima kilo. Na kadiri watu walivyokata mishipi ya mpira karibu na kijiji, ndivyo walilazimika kwenda mbali zaidi ndani ya pori kutafuta kilo zile zile. Mwaka ule ule wa 1903, Roger Casement, konseli wa Uingereza, alisafiri ku mto Congo na kusikiliza watu. Ripoti yake ilitoka 1904. Mwaka 1908 Ubelgiji ikachukua inchi mikononi mwa mfalme.

Wabelgiji walisema wanafunga ukurasa ule. Tangu 1910 walileta kodi ya feza: kila mwanaume mzima mwenye nguvu alipe, na mwenye wake wengi aongeze. Wengi wanasoma jambo hili kama maendeleo, kutoka mpira kufika franka. Tuangalie vizuri namna ile kodi ilitumika.

Mutu wa kijiji alikuwa na mihogo, mbuzi, mawese, samaki. Hakukosa chakula, alikosa franka. Na franka zilipatikana wapi? Ku mgodi, ku plantasyo, ku barabara, ao kwa mnunuzi wa kampani. Kwa hiyo deni la franka kidogo kila mwaka lilitosha kumtoa mwanaume nyumbani. Angalieni tarehe za Katanga: Union Minière ilianzishwa 1906, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, 1910, na tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba ya kwanza 1911. Migodi ilihitaji mikono, na mikono haikuwa na haraka ya kuacha mashamba kwa mshahara mdogo. Kodi iliwapa haraka. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa. Na machefu, wenye sheria ya 1910 iliwaingiza katika kazi za Leta, walijikuta kati ya watu wao na mtoza kodi.

Mimi nilisoma agronomi, na hapa historia inaingia katika kazi yangu mwenyewe. Mkubwa wa kilimo katika wizara ya makoloni kule Bruxelles alikuwa mwana-agronomi, profesa Edmond Leplae. Alipendezwa na namna Waholanzi walikuwa wamelazimisha wakulima wa Java kulima mazao ya kuuza. Mwaka 1917 sheria ya kilimo cha lazima ikatoka: siku 60 kwa mwaka. Maniema ilikuwa kati ya majimbo ya kwanza kulimishwa pamba. Mwaka 1921 sheria nyingine ikagawa inchi katika zoni za pamba. Ndani ya zoni moja, kampani moja tu ilikuwa na ruhusa ya kununua. Wakati wa vita, mwaka 1942, zile siku 60 zikafika 120.

Unganisha sasa vipande. Leta inasema: lima pamba. Kampani inasema: bei ni hii, na hakuna mnunuzi mwingine. Kisha kodi inangoja franka ile ile yenye imetoka ku soko. Mkulima anarudi nyumbani na kitansi ya kodi, chumvi kidogo, pengine kitambaa. Siku zenye alitumia ku pamba hazikurudi ku mihogo wala ku mpunga. Katika hesabu za koloni, mapato ya kijiji yalipanda, sababu mbele hakukuwa franka na sasa ziko. Lakini chungu cha mama kilijua hesabu nyingine.

Nitoe mfano wa hesabu, mfano tu. Wanaume wawili wanadaiwa kodi moja ya franka 10. Wa kwanza anapata franka 50 kwa mwaka, wa pili 500. Wa kwanza anatoa 20%, wa pili 2%. Sheria iliwatendea « sawasawa », na kwa usawa ule ikamwelemea maskini mara kumi. Sasa bei ya mazao ikianguka nusu, yule wa kwanza anapata 25. Kodi inabaki 10. Hakuna mtu aliyepandisha kodi, lakini imefika 40%.

Hiyo hesabu iliuwa watu. Wakati matata ya uchumi wa dunia yalianguka juu ya Congo, karibu na 1930, bei ya ngazi na mawese ilishuka sana, lakini kodi haikushuka pamoja nayo. Kule Kwango, Wapende walikuwa wanakata ngazi kwa ajili ya kampani za mafuta, na ile feza haikutosha tena. Mwezi wa sita 1931 wakaasi. Ajenti wa Leta, Maximilien Balot, akauawa. Jeshi la Force Publique likajibu kwa bunduki, na Wapende zaidi ya 500 wakafa.

Mnaweza kuniambia: hayo ni ya ukoloni, yamepita. Si yote. Mwaka 1971, miaka 11 kisha uhuru, inchi yetu ilikuwa na sheria ya contribution personnelle minimum, kodi ndogo ya kila mtu mzima. Jina lilibadilika, lakini kichwa kiliendelea kuhesabiwa. Leo kodi ya mshahara inapanda kwa ngazi: mwenye mshahara mkubwa anakatwa asilimia kubwa. Ni kanuni nzuri. Shida ni kwamba inashika tu mwenye kuwa na karatasi ya mshahara, na Wakongomani wengi hawana. Hao wengine wanakutana na Leta kwa njia ingine: TVA ya 16% yenye ilianza 2012 na inaingia ndani ya bei ya vitu vingi, tena taksi za soko na za bariyeri.

Tazameni mama mwenye kubeba gunia la mihogo. Ku bariyeri wanahesabu gunia. Hawaulizi kama bei ya mihogo imeanguka wiki hii, wala kama hiyo gunia ilikopwa. Anatoa kiasi kile kile na mchuuzi mwenye magunia ya bei kali. Ni kodi ya kichwa, ila safari hii kichwa kimebeba gunia.

Juu ya nini bariyeri haziishi? Sababu moja ni hii: katiba ya 2006, artikle 175, inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na yakatwe pale pale yanapoingia. Kwa miaka mingi ile 40% haijafika yote. Shefri na sekta zenye hazipewi kitu zinajitafutia kwa mtu wa karibu na mwepesi kumkamata, na huyo ni mkulima mwenye kupita njiani.

Sisemi tusilipe kodi. Bila kodi hakuna barabara, na bila barabara ile mihogo inaoza. Ninasema tuache kupima haki ya kodi kwa kuangalia kama wote wanalipa kiasi kimoja. Kati yetu kuna wenye wataandika maedikti ya majimbo, wenye wataingia ku ofisi za kodi, wenye watakuwa wanashauri machefu. Siku karatasi itafika mbele yako, uliza mambo mawili mbele ya kutia sahihi: hii taksi itafanya nini bei ya mavuno ikianguka nusu? Na mwenye kupata mara kumi zaidi atalipa ngapi? Kama jibu ni « kiasi kile kile », basi Wapende wa 1931 walishaonyesha inapeleka wapi.