Nilipojaribu kuijenga Benaco ndani ya kompyuta

Wasomaji wangu, naomba radhi kwa kimya cha wiki kadhaa. Wengine mlidhani naumwa. Hapana, nilikuwa najenga kambi ya wakimbizi usiku usiku, na kazi hiyo imenifundisha historia ya kwetu Ngara kuliko nilivyofundishwa darasani.

Nianze na chombo chenyewe kwa wasiokijua. Minecraft ni gemu la kompyuta lililoanzishwa mwaka 2009 na Markus Persson wa Sweden, na toleo lake kamili likatoka Novemba 2011. Dunia yake yote imetengenezwa kwa matofali ya mraba, na kila tofali huhesabiwa kuwa na mita 1 kila upande. Vijana wengi hujenga kwa mkono, tofali baada ya tofali, mpaka kunakucha. Lakini mwaka 2013 lilitoka toleo la bure la Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayokaa kiganjani, na hilo lilikubali kupokea amri kutoka programu unayoiandika mwenyewe kwa lugha ya Python. Hapo ndipo utamu ulipo. Amri ya setBlocks unaipa namba sita za kona mbili zinazotazamana, halafu namba ya saba ya aina ya tofali, na ukuta unasimama kabla hujafumba jicho. Ukiiweka amri hiyo ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, utapata nyumba 16 kwa jasho la nyumba moja.

Wenzetu wa Nairobi walishalitumia gemu hili kwa mambo ya maana. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat na kampuni ya Mojang walianzisha mradi wa Block by Block, na Kibera ikawa miongoni mwa sehemu za mwanzo ambako wakazi walikaa mbele ya kompyuta kupanga maeneo yao ya wazi. Basi nikajiuliza, kwa nini mimi nisijaribu ya kwetu?

Ya kwetu ni Benaco. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu waliokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya watu 170 kila dakika, mchana na usiku. UNHCR walisema hawajawahi kuona watu wengi hivyo wakikimbia kwa kasi ile. Wakaelekezwa kando ya ile barabara inayotoka Lusahunga, Biharamulo, kwenda mpakani, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nimekua nikisikia jina hilo kama watoto wa pwani wanavyosikia habari za majini.

Nilipotafuta namna ya kupanga kambi, nikakuta mwongozo wa dharura wa UNHCR unaoeleza mpango wa kambi kwa vipimo. Jamani, ule mpango ni programu tayari! Familia moja ni watu 4 hadi 6. Familia 16 ni jumuiya moja, watu 80 hivi. Jumuiya 16 ni kitalu kimoja, watu 1,250. Vitalu 4 ni sekta, watu 5,000. Sekta 4 ni kambi, watu 20,000. Ni kitanzi ndani ya kitanzi ndani ya kitanzi. Ukizidisha 16 kwa 16 kwa 4 kwa 4 unapata 4,096, na wanaoijua Minecraft wataruka kitini, maana gemu nalo hupanga dunia yake kwa vipande vya 16 kwa 16 kwa 16, vyenye matofali 4,096 kila kimoja. Ni sadfa tu. Lakini usiku ule nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikaandika. Kila familia nikaipa kibanda cha mita 4 kwa 5, saizi ya turubai moja, kwa sufu ya bluu, ambayo kwenye gemu ni tofali namba 35 rangi namba 11. Choo kisizidi mita 50 kutoka nyumbani wala kisiwe karibu kuliko mita 6. Mara ya kwanza vibanda nusu vilining'inia hewani na vingine vikazikwa, kwa sababu nilisahau kwamba ardhi ina mteremko. Ikabidi kila kibanda kiulize kwanza urefu wa ardhi kwa amri ya getHeight. Anayeijua Ngara na vilima vyake atanielewa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa nafasi. Dunia ya toleo lile la Raspberry Pi ni mita 256 kwa 256, basi. Mwongozo unataka mita za mraba 45 kwa kila mtu, bustani ndogo ikiwemo. Maana yake dunia nzima ya gemu inatosha kitalu kimoja tu cha watu 1,250 na ukingo kidogo. Hata ile nafasi wazi ya kuzuia moto, ambayo inatakiwa kila baada ya mita 300 za vibanda, haikufikiwa. Dunia iliisha kabla. Kuwaweka watu 250,000 kwa kipimo hicho ningehitaji dunia zaidi ya 171. Mwongozo wenyewe unataka kambi moja isizidi watu 20,000. Benaco ilikuwa kambi zaidi ya 12 zilizomwagwa mahali pamoja kwa siku moja.

Nilikuwa na majivuno, sitaficha. Nikambebea mjomba wangu kompyuta mpaka nyumbani kwake. Mwaka 1994 alikuwa kibarua wa kuchimba vyoo Benaco. Baada ya shikamoo na chai nikambonyezea kitufe, kitalu kikaota chote mbele ya macho yake. Akatazama kwa muda mrefu.

"Pazuri," akasema. "Sasa mwanangu, watu wa Murambi wako wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Kwenye programu yangu familia ya kwanza na ya elfu moja ni namba tu, zingeweza kubadilishana mahali bila kitu kuharibika.

Benaco halisi haikuwa hivyo. Watu walikaa kwa kufuata wilaya ndogo walizotoka Rwanda, zile walizoziita komini, na viongozi wao wa kule wakaendelea kuwa viongozi huku. Kwa mtu aliyepokea robo milioni ya watu ndani ya saa 24 njia hiyo ilikuwa rahisi: orodha zipo, majirani wanajuana, chakula kinapitia kwa mkubwa wao. Ila baadhi ya wakubwa hao ndio walioongoza mauaji ya Watutsi wiki chache nyuma. Aliyeshika orodha ya mahindi ndiye aliyesema nani ale, na ndiye aliyehesabu watu, kwa hiyo idadi zikavimba. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwa ndani ya Benaco. Juni 1994 palipofanyika jaribio la kumwondoa, maelfu ya watu wenye mapanga na marungu waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Gatete alikuja kukamatwa Congo-Brazzaville mwaka 2002, na mahakama ya Arusha ikamtia hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari. Rufani ya mwaka 2012 ikaishusha adhabu yake kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 40. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka kwenye kambi zile mwishoni mwa 1994, wakisema misaada inawalisha wauaji.

Humo humo, tusisahau, walikuwemo maelfu ya akina mama na watoto ambao hawakumgusa mtu.

Mjomba alinikumbusha pia kwamba kukusanya watu kwa kanuni ni kitu cha zamani upande wetu. Wazee wa Biharamulo walihamishwa na Waingereza miaka ya 1930 kwa sababu ya malale, wakabanwa pamoja ili vichaka vifyekwe na mbung'o akose pa kujificha. Hapo napo, nadhani, kuna mtu alichora mistari mizuri kwenye karatasi.

Kwenye gemu kufuta ni rahisi kuliko kujenga. Unarudia ile ile setBlocks, namba ya mwisho unaweka 0, yaani hewa. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwezi kuisha. Tarehe 12 maelfu walifunga mizigo wakaelekea upande mwingine, ndani ya Tanzania. Jeshi likawageuza kuelekea Rusumo. Karibu nusu milioni walivuka kurudi kutoka kambi za Kagera mwezi ule. Vibanda vikabaki vitupu na vilima vikabaki bila miti, maana kuni za miaka miwili na nusu zilitoka hapo hapo.

Nimeanza programu upya. Safari hii kila kibanda kina jina la komini, na ghala la chakula lina mlango mmoja. Bado sijajua nani nimpe ufunguo. Mjomba yeye anadai bwawa la maji nimeliweka upande usio wake, na Jumapili anataka twende wote Kasulo akanionyeshe.