Kuziba meno bila umeme: kazi iliyofunzwa kambini

Watu wengi wa Kavimvira wanaijua Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu zetu wa Kivu Kusini waliokimbia vita. Wachache wanajua kwamba mwaka 2007, katika kambi mbili za magharibi mwa Tanzania, wafanyakazi wa afya wa kambini walifunzwa kutibu meno kwa wiki mbili. Wiki mbili tu! Walijifunza kutambua ugonjwa, kung'oa jino lisilo na shida kubwa na kuziba matundu.

Njia ya kuziba ilianza kujaribiwa Tanzania hiyohiyo katikati ya miaka ya 1980. Haitaki mashine wala umeme. Uozo laini unakwanguliwa kwa vyuma vya mkono, na msaidizi anakoroga simenti ya meno, inayogandia haraka. Akikosea kipimo au akichelewa, jino halizibiki vizuri. Kwa hiyo msaidizi si wa kushika taa tu. Vyuma navyo ni juu yake: kuviosha, kisha kuvichemsha katika sufuria ya presha.

Lakini aliyefunzwa vile kambini, akirudi Uvira bila diplome, nani atamwandika kazi?