Skrini Hewa: Jina la Kitu Ambacho Kadi ya Video Hukiamini

Kompyuta haina macho ya kutazama kama mezani pana skrini. Hujua kwa kupapasa. Inapowashwa, kadi ya video hupitisha umeme kidogo kwenye tundu lake la nyuma na kupima kama upande wa pili kuna kitu kinachoupokea. Kikiwepo, kazi ya kuchora picha huanza. Kisipokuwepo, kadi huacha kuchora, na mashine huendelea na kazi nyingine gizani. Baadhi ya mashine za zamani hugoma hata kuwaka. Mafundi wana hila ya kuiaminisha kadi kwamba skrini ipo ilhali haipo, na kifaa cha hila hiyo hakijapata jina la Kiswahili ambalo sote tunalikubali. Nina jina ninalolitetea. Nitaanza na mahali ambapo jina hilo linahitajika.

Ganze iko bara ya Kilifi, upande wa magharibi wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni eneo bunge la wadi nne, yaani Ganze, Bamba, Jaribuni na Sokoke, na ni nchi ya ukame, yenye mahindi yanayongoja mvua na mbuzi wanaopelekwa mnadani Bamba. Kompyuta utakazozikuta kwenye shule na saiba za huko aghalabu ni za mitumba, zilizostaafu maofisini ng'ambo zikaletwa bila skrini, au zikaletwa na skrini ambayo haikumaliza mwaka. Na pale umeme unapotoka kwenye sola na betri, kuwasha skrini ya wati 20 mchana kutwa bila mtu wa kuitazama ni kuimwaga nishati ambayo ingewasha taa za wanafunzi usiku.

Chukua shule iliyoweka seva ndogo ya masomo. Programu kama Kolibri huhifadhi vitabu, mazoezi na video ndani ya mashine moja, na wanafunzi huvisoma kwenye tabuleti kupitia Wi-Fi, bila intaneti. Hakuna anayekaa mbele ya seva hiyo. Ikiwa na tatizo, fundi aliyeko Kilifi mjini au Mombasa huingia kwa mtandao na kuitazama kutoka kwenye kompyuta yake. Hapo ndipo mambo huharibika. Kwa kuwa kadi haikuona skrini, fundi huona weusi mtupu, au dirisha dogo la nukta 640 kwa 480 ambamo kitufe cha kuthibitisha kimezama chini ya ukingo na hakibonyezeki. Mashine ni nzima, mtandao ni mzima, na bado mtu analazimika kupanda matatu kwenda Ganze kuchomeka skrini kwa dakika tano.

Fundi mmoja wa pale Ganze senta, anayetengeneza redio, simu na chochote kinacholetwa, alinionyesha dawa yake. Alichukua plagi ya VGA iliyokatwa kwenye waya mbovu, akaifungua. Tundu la VGA, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, lina pini 15 katika safu tatu za tano tano. Pini ya 1, ya 2 na ya 3, zote za safu ya juu, hubeba rangi nyekundu, kijani na samawati. Njia zao za kurudi ni pini ya 6, ya 7 na ya 8, chini yake tu katika safu ya kati. Skrini halisi ya VGA huwa na ukinzani wa omu 75 kwa kila rangi. Kadi nayo ina omu 75 zake. Skrini ikichomekwa, mkondo hugawanyika njia mbili na volti hushuka hadi nusu. Ikichomolewa, volti hupanda maradufu. Kipimo hicho ndicho kadi inachokitegemea kuamua kama skrini ipo.

Kwa hiyo rizista tatu za omu 75 zinatosha kuihadaa. Shida ni kwamba kwenye kopo la rizista za fundi wa kijijini, ile ya 75, yenye mistari ya zambarau, kijani na nyeusi, haipatikani kirahisi. Ya 150, yenye kahawia, kijani na kahawia, hupatikana kwenye bodi yoyote ya televisheni iliyokufa. Alizing'oa sita, akazipanga mbilimbili ubavu kwa ubavu, na kila jozi ya 150 ikawa 75. Akalehemu jozi ya kwanza kutoka pini ya 1 hadi ya 6, ya pili kutoka 2 hadi 7, ya tatu kutoka 3 hadi 8. Moshi wa risasi haujatulia, plagi ilikuwa imeshachomekwa nyuma ya mashine.

"Mwalimu," akaniambia, "kadi hii haijui kama skrini haipo. Inajua tu kama njia ina mzigo au haina."

Sentensi hiyo ina maana pana kuliko alivyokusudia, na ndiyo iliyonirudisha kwenye suala la jina.

Kabla ya jina, kuna nusu ya pili ya hila. Rizista huiambia kadi kwamba kuna skrini, lakini hazisemi ni skrini ya namna gani, kwa hiyo kadi huchagua ukubwa wa tahadhari na kubaki hapo. Tangu mwaka 1994, chini ya kanuni za shirika la viwango la VESA, skrini huwa na kumbukumbu ndogo inayojieleza kwa kadi. Maelezo yale ya msingi ni baiti 128 tu. Hufunguka kwa alama isiyobadilika, kisha jina la mtengenezaji lililobanwa katika herufi tatu, wiki na mwaka wa kuundwa (mwaka unahesabiwa kuanzia 1990), urefu na upana kwa sentimita, na picha za ukubwa gani skrini inazimudu. Baiti ya mwisho ni ya kuhakikisha: ukijumlisha zote 128, tarakimu zinapaswa kukamilika kwa namna maalumu, la sivyo kadi itajua kuna kilichoharibika njiani. Kiingereza hukifupisha kitu hiki kuwa EDID. Kwa Kiswahili sioni sababu ya kuhangaika: ni wasifu wa skrini. Anayeomba kazi hupeleka wasifu wake, na skrini hufanya vivyo hivyo kabla ya kupewa picha.

Wasifu huo hukaa kwenye chipu ya bei nafuu, mara nyingi ya namba 24C02 au jamaa yake, na kwenye VGA husomwa kupitia pini ya 12 na ya 15. Jambo la kufurahisha ni pini ya 9. Hiyo hupeleka volti 5 kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye chipu, ili wasifu usomeke hata skrini ikiwa imezimwa. Ndiyo maana skrini iliyopasuka kioo, au iliyoungua sehemu ya umeme, huenda bado ikajitambulisha vizuri kabisa. Fundi mwenye mkono mwepesi huibandua chipu hiyo na kuihamishia kwenye plagi yake, na tangu hapo kadi husoma jina, mwaka na vipimo vya skrini iliyokwisha kutupwa.

Kwenye HDMI hakuna suala la kupima mzigo wa rangi. Kati ya pini zake 19, ya 18 hutoa volti 5 na ya 19 hubisha hodi: skrini ikichomekwa, huipandisha volti ya pini hiyo, nayo kadi huja kusoma wasifu. Vijiplagi vya HDMI vinavyouzwa tayari, vya ukubwa wa kidole gumba, vina chipu ya wasifu na rizista ya hodi, basi.

Sasa jina. La Kiingereza, "dummy plug", limetokana na neno linalotaja kitu kinachoshika nafasi ya kingine: sanamu ya dukani inayovalishwa nguo, au chuchu ya mpira ya kumnyamazishia mtoto. Fundi wangu husema "dami", na wateja wake wanamwelewa. Lakini dami ni sauti tu. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiisikia, haimwambii chochote kuhusu kinachotendeka ndani ya lile tundu, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Nimesikia pia "plagi bubu". Inapendeza masikioni, ila imekosea jambo la msingi, kwa sababu kifaa hiki kiliundwa ili kijibu. Bubu ni lile tundu tupu lisilochomekwa kitu. "Plagi ghushi" siitaki, maana ghushi ni neno la mahakamani, la hati ya shamba iliyochapishwa usiku. "Plagi bandia" imekaribia, ila plagi yenyewe ni halali, ina pini zake zote. Kinachoigizwa ni skrini. Bandia ni neno lenye heshima katika Kiswahili: meno bandia hutafuna, mguu bandia hutembea. Huashiria kitu kinachoshika nafasi ya cha asili na kufanya sehemu ya kazi yake. Basi tuite kifaa hiki skrini bandia.

Kijana mmoja wa Kigiriama alipendekeza "kigango", ile nguzo iliyochongwa inayosimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Nilielewa wazo lake: kitu kinachosimama mahali pa asiyekuwepo. Nalikataa kwa moyo wote. Kigango hakimhadai mtu. Waliokisimamisha wanajua fika nani amekufa, na wanakwenda kwake kwa sababu wanajua. Isitoshe, vigango vingi mno vimekwisha kuibwa na kuuzwa ng'ambo hadi kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani. Neno hilo libaki kwa wenyewe.

Lakini tunahitaji neno la pili. Ukichomeka skrini bandia kisha ukafungua mipangilio ya kompyuta, utaona skrini imeorodheshwa, ina jina, ina vipimo, na madirisha yanafunguka juu yake. Hiyo si ile plagi. Plagi unaishika mkononi. Hii iko kwenye orodha tu. Na kwa kitu kilicho kwenye orodha bila kuwa duniani, Kiswahili kina neno lililoiva tangu zamani. Magazeti ya Kenya huandika wafanyakazi hewa na wanafunzi hewa. Tanzania, mwaka 2016, nchi nzima ilizungumzia watumishi hewa waliokuwa wakilipwa mishahara na hazina. Kila msomaji anajua jinsi hewa hiyo inavyofanya kazi: jina lipo, namba ipo, karatasi zote ziko sawa, na anayelipa hana njia ya kujua zaidi ya karatasi. Kadi ya video ndiyo hazina hiyo. Inalipa picha 60 kwa sekunde kwa skrini ambayo ushahidi wake pekee ni wasifu. Hiyo ndiyo skrini hewa.

Neno hili lina faida ambayo "dami" haina. Skrini hewa haihitaji plagi. Kwa miaka mingi, kwenye Raspberry Pi, mstari mmoja katika faili la config.txt ulitosha kuiaminisha mashine kwamba HDMI imechomekwa. Linux huweza kupewa wasifu kutoka kwenye faili badala ya chipu. Zipo programu zinazounda skrini kamili bila tundu lolote kuguswa. Hakuna plagi katika hila hizo, lakini skrini hewa ipo, ileile. Kwa hiyo mwalimu anaweza kusema kwamba skrini hewa huundwa kwa njia mbili, kwa skrini bandia au kwa programu, na darasa likaelewa bila kubahatisha.

Sarufi yake nayo haisumbui. Hewa hufuata jina moja kwa moja bila "ya", kama ilivyo kwa wafanyakazi hewa: skrini hewa moja, skrini hewa mbili, skrini hewa yenye nukta 1920 kwa 1080. Wanaopendelea kiwambo cha vitabu vya shule waseme kiwambo hewa. Ni neno zuri, lenye kuwamba ndani yake.

Ipo tahadhari moja ambayo jina linasaidia kuieleza. Mtu akija na skrini halisi, akaichomeka kwenye tundu la pili huku skrini bandia ikiwa bado iko kwenye la kwanza, kompyuta itahesabu skrini mbili. Huenda ikaifanya ile hewa kuwa kuu. Mgeni ataona picha ya mandharinyuma bila ikoni hata moja, atafungua programu isionekane, na mshale wa kipanya utavuka ukingo upotee. Wengi hudhani mashine imeharibika. Programu zake zote zimefunguka vizuri, ila ziko kwenye skrini hewa. Fundi wa Ganze hubandika karatasi juu ya plagi zake: "SKRINI BANDIA. CHOMOA UKILETA SKRINI." Kama karatasi imebanduka, au tundu liko nyuma ya kabati lisilofikika, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua picha moja ionekane kwenye skrini zote mbili.