Gitaa la umeme la skeli fupi

Gitaa la umeme la skeli fupi ni gitaa la umeme ambalo sehemu ya uzi inayotetemeka ni fupi kuliko ile ya magitaa ya kawaida. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, lakini mara nyingi jina hili hutumika kwa magitaa yenye skeli ya milimita 610 (inchi 24) au chini ya hapo. Hutumiwa na watoto, wanaoanza kujifunza, watu wenye mikono midogo na wanamuziki wanaosafiri.

Skeli na urefu wa gitaa

Skeli ni umbali kati ya daraja na kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kilicho kati ya shingo na kichwa. Njia nzuri ya kuupata ni kupima kutoka kipande hicho hadi freti ya 12, kisha kuzidisha kwa mbili, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya skeli na hutoa sauti iliyo oktavu moja juu ya uzi ulio wazi.

Baadhi ya skeli zinazojulikana ni hizi:

- Fender Stratocaster na Telecaster: mm 648
- Gibson Les Paul: karibu mm 628
- Fender Jaguar na Mustang: mm 610
- Squier Mini Stratocaster: mm 578
- Fender Musicmaster na Duo-Sonic za mwaka 1956: mm 572
- Ibanez miKro: mm 564
- Rickenbacker 325: mm 527

Skeli si sawa na urefu wa gitaa zima. Gitaa lisilo na kichwa, ambalo funguo zake za kukazia nyuzi ziko upande wa daraja, linaweza kuwa na skeli kamili ya mm 648 na bado likawa fupi kuliko gitaa la skeli fupi lenye kichwa. Aina hiyo ilipata umaarufu katika miaka ya 1980 kupitia kazi za mbunifu Mmarekani Ned Steinberger. Kwa hiyo anayetafuta gitaa la safari na anayetafuta gitaa la mkono mdogo huenda wasihitaji chombo kimoja.

Historia

Mwaka 1956 kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa Musicmaster, yenye pikapu moja, na Duo-Sonic, yenye pikapu mbili. Zote mbili zililenga wanafunzi. Mustang ilifuata mwaka 1964. Hata hivyo skeli fupi haikuwa ya wanafunzi tu: Jaguar ya mwaka 1962 ilikuwa kati ya magitaa ya bei ya juu ya kampuni hiyo. John Lennon wa The Beatles alinunua Rickenbacker 325 mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1960. Kurt Cobain wa Nirvana alitumia Jaguar na Mustang.

Mkazo wa nyuzi

Uzi uleule ukitakiwa kutoa sauti ileile, mkazo wake hubadilika kulingana na mraba wa urefu wake. Kutoka mm 648 hadi mm 610, mkazo hupungua kwa karibu asilimia 11. Hadi mm 578, hupungua kwa karibu asilimia 20. Ndiyo maana nyuzi za gitaa fupi ni laini kubonyeza na rahisi kuvutwa pembeni. Nafasi ya freti ya kwanza nayo hupungua kutoka karibu mm 36 hadi mm 32, na hivyo akodi za mwanzo wa shingo hufikiwa bila kutanua sana vidole.

Ulaini huo una gharama. Uzi uliolegea hugonga freti kwa urahisi, na ukibonyezwa kwa nguvu sauti yake hupanda juu ya tuni. Dawa ya kawaida ni kuweka nyuzi nene zaidi. Uzi wa kwanza wa inchi 0.010 badala ya 0.009 huongeza mkazo kwa karibu asilimia 23. Kwa hiyo katika skeli ya mm 578 mkazo wake unakaribia ule wa uzi wa 0.009 katika gitaa la kawaida. Baada ya kubadili unene, daraja hurekebishwa upya: kama sauti ya uzi uliobonyezwa kwenye freti ya 12 iko juu kuliko oktavu inayotakiwa, kiti cha uzi huo husogezwa nyuma, mbali na shingo.

Freti za juu nazo hubanana. Kati ya freti ya 14 na ya 15 kuna takriban mm 16 katika skeli ya mm 648, lakini mm 14 tu katika skeli ya mm 564. Mpigaji wa solo katika rumba na muziki wa dansi, ambaye hukaa muda mrefu sehemu hiyo ya shingo, atahisi tofauti hiyo mapema.

Kuchagua

Ukubwa mdogo hauonyeshi ubora. Kabla ya kununua inafaa kufanya yafuatayo:

- kutuni gitaa, kulipiga kwa dakika kadhaa, kisha kuangalia kama tuni imebaki;
- kulinganisha kila uzi ulio wazi na freti yake ya 12;
- kupiga kila freti ya kila uzi ili kusikia kama kuna mgongano;
- kulivaa kwa mkanda, kwa kuwa kiwiliwili chepesi huweza kufanya shingo ielekee chini.

Kwa mazoezi, amplifaya ndogo ya betri au kifaa cha hedifoni hutosha. Baadhi ya magitaa, kama Fernandes ZO-3 ya Japani, yana amplifaya na spika ndani yake. Kifaa kilichotengenezwa kwa umeme wa volti 120 pekee, kama wa Marekani, kinaweza kuungua kikichomekwa katika umeme wa volti 230 au 240 wa Afrika Mashariki. Lebo yake isomwe kwanza.

Kusafiri nalo

Gitaa fupi lenye kichwa bado huzidi vipimo vya kawaida vya mzigo wa ndani ya ndege, hivyo masharti ya shirika huulizwa kabla ya safari. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 2015 inayataka mashirika ya ndege ya nchi hiyo kuruhusu ala ndogo, gitaa likiwemo, ikiwa nafasi ipo wakati wa kupanda.

Mbao nazo zina sheria. Tangu mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika udhibiti huo mwishoni mwa mwaka 2019, isipokuwa zenye Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo bado huhitaji kibali kuvuka mpaka.