Wasichana Waliotangulia

Yamkini, msomaji, umeambiwa mara nyingi kwamba Kenya haijapata kufika katika Kombe la Dunia la kandanda. Ukiambiwa tena, jibu kwamba imefika, na waliofika walikuwa wa rika lako: wasichana wasiozidi umri wa miaka 17.

Kombe lao lilianzishwa mwaka wa 2008. Timu za Afrika hushindana kwanza barani, mbili mbili, nyumbani na ugenini, na ishindwayo kwa jumla ya mabao hutolewa. Utaratibu huo ni mkali, lakini umri ni mkali zaidi. Mchezaji mzima akikosa nafasi hungojea nyingine; msichana wa miaka 17 akiikosa, haimrudii.

Yakumbuke basi mambo ya mwaka wa 2022. Mwezi wa Februari Kenya ilifungiwa na FIFA, kwa sababu serikali ilikuwa imevunja uongozi wa kandanda nchini, na kifungo hicho hakikuondolewa hata Novemba. Siamui hapa ni nani aliyekuwa na haki katika ugomvi ule wa wakubwa. Nasema tu kwamba watoto hawakuulizwa. Oktoba ya mwaka ule ule, jirani zetu wasichana wa Tanzania walikuwa India, wakaishinda Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali.

Zamu yetu ilikuja mwaka wa 2024. Timu iitwayo Junior Starlets, ikifunzwa na Mildred Cheche, iliitoa Ethiopia, kisha ikakutana na Burundi. Huko Addis Ababa ilipata mabao 3. Nairobi, tarehe 16 Juni, ikaongeza 2, wala Burundi haikupata hata moja. Hakuna timu ya kandanda ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika hapo kabla yao.

Katika Jamhuri ya Dominika mambo yalianza vibaya. Uingereza ilitufunga 2-0, kisha Korea ya Kaskazini, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe, ikatufunga 3-0. Ulisalia mchezo mmoja, na Mexico. Wasichana wetu wakashinda 2-1, wakafunga mizigo yao.

Wengi wao umri huo umekwisha kuwapita. Lakini tangu mwaka wa 2025 Kombe hilo huchezwa kila mwaka, kwa timu 24 badala ya 16, na aliye na miaka 15 hivi sasa aweza kuligombea zaidi ya mara moja.