Unyevu Haufungiwi

Neno sakafu limebeba historia yake lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, saqf, maana yake dari au paa; Waswahili wakalitumia kwa paa bapa la nyumba ya mawe na pia kwa pale tunapokanyaga, kwa kuwa kazi ilikuwa moja. Matumbawe yalichomwa tanuuni yakawa chokaa, ikachanganywa na mchanga na kokoto, ikatandazwa, kisha watu wakajipanga kuipigilia kwa vibao siku kadhaa, wakiimba, hadi ishikamane. Kupigilia kulibana vinyweleo bila kuviziba: unyevu uliopanda kutoka ardhini uliweza kupenya polepole na kukaukia juu.

Saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824, ilileta fikra nyingine, kwamba maji huzuiwa kwa ugumu. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kazi mwaka 1954, saruji ikawa bidhaa ya hapahapa pwani, na nyumba za kale zikaanza kukarabatiwa kwayo. Lakini unyevu ukikuta sakafu ngumu hugeukia kuta, ambazo chini yake hazina kizuizi chochote. Hukaukia hapo, ukaacha chumvi. Chumvi ikiganda hutanuka, rangi ikababuka na lipu ikabanduka. Fundi akipiga lipu nyingine ya saruji, unyevu hupanda juu zaidi.

Mtu atasema chokaa nayo ilikuwa na kasoro. Ni kweli: ilitaka matunzo ya kila mara, na mapaa mengi bapa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yaliishia kuezekwa mabati kwa sababu ya kuvuja. Mwingine atasema karatasi ya nailoni chini ya zege imemaliza tatizo. Kwa jengo jipya imesaidia sana, mradi itandikwe kabla ya kumwaga zege. Hata hivyo, nailoni huzuia maji ya ardhi tu. Zege lina maji yake liliyokorogewa. Kwa makadirio ya mafundi, kila milimita 25 hutaka mwezi mmoja kukauka, kwa hiyo zege la milimita 100 hutaka miezi minne, na hewa ya pwani, iliyojaa mvuke, huongeza muda. Anayebandika kapeti la plastiki mapema huona gundi ikilegea. Kumbe chokaa na zege vina sharti moja: maji yapewe njia na muda wa kutoka. Kipimo chake ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni juu ya zege, ziba kingo zote, ngoja saa 16. Ukikuta matone chini yake, fundi wa kapeti arudi nyumbani kwanza.