Malagarasi Upo, Dizeli Inatoka Dar

Ukitoka Kigoma mjini ukapanda barabara ya Manyovu utafika Kalinzi, kwenye migomba na kahawa. Nenda alfajiri uone moshi unavyopita kwenye mapaa ya majiko. Ule moshi nao ni nishati, tena ndiyo inayopika chakula cha watu wengi mkoani hapa. Lakini mipango ya taifa kwa miaka mingi ilianza hesabu kwenye megawati, na kuni hazina megawati.

Haya, tuanze na hizo megawati. Kigoma ni mwisho wa reli, kila mtu anajua. Reli ilifika ziwani mwaka 1914, yapata kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Gridi ya taifa haikuifuata kwa miongo mingi, kwa hiyo TANESCO iliuwasha mji kwa majenereta ya dizeli. Piga hesabu mwenyewe: lita moja ya dizeli hutoa kama uniti 3.5 hadi 4. Majenereta ya megawati 5 yakiunguruma saa 24 yanatoa uniti 120,000, yaani yanakunywa zaidi ya lita 30,000 kwa siku. Hilo ni lori zima la mafuta! Na mafuta yenyewe yameagizwa nje, yameshuka bandarini, halafu yamevuka nchi nzima.

Na huku Malagarasi unapita palepale Uvinza, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika kutoka upande wetu. Meta moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikianguka meta moja, ina nguvu ya karibu kilowati 10. Zidisha kwa wingi wa maji na kimo cha maporomoko, punguza kidogo kinachopotea kwenye mashine, basi. Ndiyo maana maporomoko ya Igamba yamekuwa kwenye makaratasi muda mrefu.

Februari 2008 ilionekana ngoma imeiva. Marais Kikwete na Bush walisaini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia shirika la Marekani la MCC, na ndani yake ulikuwemo mtambo wa megawati 8 pale Igamba. Kumbe sehemu ile ya mto ina viumbe adimu, na tathmini ya mazingira ikaonyesha mtambo ungewaweka hatarini. Mradi ukaondolewa, badala yake mkoa ukapata umeme wa jua kwa shule na zahanati.

Najua wapo waliosema eti tumenyimwa umeme kwa sababu ya konokono na samaki. Siwalaumu, ila sikubaliani nao. Mpangaji alikuwa amehesabu maporomoko tu. Juu yake kuna kinamasi cha Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kinamasi hicho ni kama sifongo: kinanyonya mvua za masika na kuziachia polepole kiangazi. Ukikiharibu, mtambo wako utafurika Aprili na kukauka Septemba. Maporomoko huwezi kuyatenga na kinamasi.

Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa dola milioni 140 kwa mtambo mkubwa zaidi Malagarasi, megawati 49.5. Oktoba 2022 Rais Samia alifika mkoani kuzima majenereta na kuwasha umeme wa gridi.

Turudi Kalinzi sasa, kwenye ule moshi. Picha za setilaiti za kuanzia miaka ya 1970 hadi mwisho wa 1990 zinaonyesha milima inayozunguka Gombe ikipoteza miti, kwa mashamba na kwa kuni. Mradi wa TACARE ulipoanza mwaka 1994, vijiji vya huku vilipewa miche ya kupanda na majiko yanayokula kuni kidogo. Kwa mama anayebeba mzigo kutoka mlimani, huo ulikuwa mpango wa nishati kuliko gridi yoyote.

Serikali imekuja kuhesabu jiko rasmi juzi tu: mkakati wa kitaifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi ndio unaotajwa zaidi. Nayo gesi ya mitungi inaagizwa nje, inashuka bandarini, halafu inaanza safari ya kilomita 1,250.